Tuzae kwa Uongo, Ndivyo Mnavyotaka?

Komenti inayonisumbua kwenye peji hii si matusi. Matusi nimeyazoea, nafuta, naendelea na chai yangu na mahamri. Inayonisumbua huja kwa upole, mara nyingi kutoka kwa mtu mzima mwenye picha ya maua kwenye akaunti yake: "Mwanangu, sasa ukoo wenu utaishia kwako?"

Leo naijibu. Kichwani nishaijibu mara nyingi, kwenye matatu ya Malindi, na hapa Bofa ufukweni nikisubiri jua lishuke nipige video za nyumba ambazo kodi yake ya wiki moja ni mapato yangu ya miezi. Kwa wageni: mimi ni kijana wa Kilifi, mwanamume, na napenda wanaume. Sura yangu hamuioni hapa na sababu yake mnaijua. Kama hilo limekukera, rudi tu kwenye video ya pweza wa nazi ya juzi, ile haina ubaya wowote.

Haya.

Kwetu Wagiriama jina la mtoto halitafutwi kwenye intaneti. Mvulana wa kwanza huchukua jina la babu yake mzaa baba. Kwa hivyo mzee akikuuliza utaoa lini, usidhani anataka pilau ya harusi. Anauliza, mimi nitaitwa tena lini? Wazee wakubwa wa chama cha gohu walikuwa wakifa wanachongewa vigango, vile vibao vya ukumbusho (vingi vimeibwa makaburini vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani, na hiyo ni posti nyingine nitaiandika nikiwa na hasira za kutosha). Lakini kigango hakijichongi wala hakijisimamishi. Kinasimamishwa na uzao. Mtu asiye na mtoto nani atamkumbuka, nani atammwagia tembo, nani atamtaja?

Sasa nyie mwadhani mimi sijui haya? Nimelelewa nayo. Hofu hiyo mnayonitumia kwenye komenti ndiyo ninayolala nayo. Ati watu kama sisi hatuna habari na watoto, tunataka starehe tu, tumeamua kumaliza vizazi. Nani amewaambia? Mshawahi kumuuliza hata mmoja wetu?

Nataka mtoto. Nimeandika, na sifuti.

Si wote wanaotaka, niseme ukweli. Ninao marafiki ambao wakisikia mtoto analia kwenye tuktuk wanashuka. Mmoja aliniambia kwamba faida pekee aliyowahi kuipata kwa kuwa shoga ni kuwa hakuna atakayemtarajia anunue pampasi. Sawa, hata walio na wake wako hivyo, tofauti ni kuwa wao hulazimishwa. Lakini wengi ninaowajua, tukikaa usiku tukaongea kweli bila mzaha, mazungumzo hufika huko. Tunaongea kuhusu mtoto kuliko tunavyoongea kuhusu mapenzi. Na tukifika huko sauti zinashuka, kama watu wanaozungumzia maiti.

Dadangu yuko Saudia, kazi za ndani, kama mabinti wengi wa huku. Mwanawe amebaki kwetu. Mimi ndiye nimpelekaye shule, mimi ndiye niijuaye karo na deni lake, mimi ndiye niliyemsugua mba za kichwani mpaka zikaisha. Hakuna karatasi wala mahakama, ndivyo Pwani tulivyolea watoto siku zote, wa dada, wa kaka, wa jirani aliyefiwa. Siku moja getini mwa shule akaniita "baba". Alighafilika tu, watoto wenzake wote walikuwa wakiita hivyo. Unajua nilifanya nini? Nilitazama kulia na kushoto kwanza kama kuna mtu mzima aliyesikia.

Hapo ndipo ninapotaka muone. Mwanamume mwingine yeyote angeitwa hivyo angecheka, angembeba begani. Mimi furaha ilikuja ikakuta hofu ishakaa kwenye kiti. Niliwaza, wakijua mimi ni nani, je, mwalimu ataniruhusu tena kumchukua? Je, kuna mama atakayesema mtoto huyu asicheze na wangu? Je, atapigwa yeye kwa sababu yangu? Hizo ndizo hisia za uzazi kwa mtu kama mimi. Upendo hautupungui hata kidogo, ila umefungwa kamba na woga, na hauwezi kuvuta mmoja bila kuvuta mwingine.

Na woga huo si wa kubuni. Mtwapa ni Kilifi hii hii. Februari 2010 ulizuka uvumi kwamba wanaume wawili wanafunga ndoa huko. Uvumi tu. Watu wakakusanyika wakavamia kituo cha afya cha KEMRI kilichokuwa kikiwahudumia wanaume kama sisi, na kuna waliopigwa, polisi wakawashika waliotuhumiwa. Harusi yenyewe haikuonekana. Sasa kama uvumi wa harusi ulileta hayo, uvumi wa wanaume wawili wanaolea mtoto utaleta nini?

Twende kwenye sheria, manake kuna wajuaji wataniambia "mbona usiasili mtoto kama unampenda sana." Kuweni na subira. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu bado kipo, miaka 14 jela, na Mahakama Kuu tarehe 24 Mei 2019 ilikataa kukifuta. (Binyavanga Wainaina, mwandishi wetu aliyejitangaza mwaka 2014, alikuwa amefariki siku tatu tu kabla. Hakuusikia.) Ibara ya 45 ya Katiba inampa mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Hayo mengi mnayajua.

Ambalo wengi hamlijui ni hili. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyotuongoza kwa zaidi ya miaka 20, kwenye kifungu cha 158, iliorodhesha watu ambao mahakama isiwape mtoto wa kuasili. Orodha yenyewe ni fupi. Kuna mtu asiye na akili timamu. Kuna aliyepatikana na hatia ya makosa yaliyotajwa kwenye jedwali la sheria hiyo. Na papo hapo, kwenye mstari wake mwenyewe, kuna shoga. Hakikuandikwa "shoga aliyemdhuru mtoto" wala "shoga mlevi". Shoga, basi, inatosha. Mwaka 2022 ikaja sheria mpya, na wanaoomba mtoto kwa pamoja bado lazima wawe wameoana, yaani mume na mke. Mimi na mpenzi wangu tungeishi miaka 30 ndani ya nyumba moja, tusilale njaa, tusigombane, mbele ya hakimu tungekuwa wapita njia wawili waliokutana kwa bahati.

Basi mlango huo umefungwa. Mwaniambia ukoo unaisha, na funguo mmeshika nyie.

Na kuna mlango mwingine, ambao hamjaufunga. Huo ndio ulionifanya niandike.

"Oa tu."

Nimeambiwa na mashangazi. Nimeambiwa na kakangu, ambaye anajua. Nimeambiwa hata na mzee mmoja wa dini, kwa faragha, baada ya kunikemea hadharani: mwanangu, hayo yako ni mtihani wako na Mungu wako, lakini oa, upate watoto wawili, funika kombe mwanaharamu apite. Alisema kama anayenipa dawa. Nilimshukuru, nikambusu mkono, nikaondoka. Nikafika nyumbani ndipo nikaelewa alichoniambia. Aliniambia nichukue msichana wa watu, mwenye ndoto zake, nimtumie kama shuka la kufunika kombe.

Tafakarini kidogo. Mtu yule yule ambaye angenipiga mawe kama angesikia nalea mtoto na mwanamume mwenzangu kwa ukweli, yuko tayari kunipa baraka nilee mtoto na mwanamke ninayemdanganya. Mtoto ni yule yule, baba ni yule yule. Kilichobadilika ni uongo. Kwa hivyo jameni tusidanganyane, shida yenu haikuwa mtoto. Hamjali mtoto anakulia wapi. Mnachojali ni sura ya nyumba kutoka barabarani.

Na wako wangapi? Kaeni baraza yoyote, Lamu mpaka Vanga, mtawataja kwa minong'ono: bwana fulani, ana mke, ana watoto wanne, lakini. Ile "lakini" yenu mnayoimalizia kwa kope. Watafiti wa KEMRI walioanza kufanya kazi na wanaume wetu wa Mombasa na Mtwapa miaka ya 2000 walikuta jambo ambalo mabaraza yanalijua siku nyingi, kwamba si wachache waliokuwa na wanawake pia. Hao si watu wa ajabu. Ni watu walioitikia "oa tu".

Hapa niwageukie wenzangu, manake peji hii haina mapendeleo. Wenzangu, mimi nawaelewa, ninajua shinikizo, najua mama anavyolia. Lakini yule dada wa Ganze au wa Takaungu uliyemwoa ili mamako anyamaze, yeye alikosa nini? Atakaa miaka akijiuliza ana kasoro gani mwilini. Atanunua udi, atanunua liwa, ataenda kwa mganga. Atajilaumu kwa jambo ambalo wewe ulilijua kabla ya siku ya posa. Ukileta na ugonjwa nyumbani ndiyo basi. Hamu ya mtoto ni kubwa, naijua, inauma kama jino. Haikupi ruhusa ya kumla mtu maisha yake. Kama kuna mwanamke anayejua wewe ni nani na mmekubaliana kwa macho makavu, mzae, mlee wote wawili, hilo ni lenu, na Ibara ya 53 ya Katiba inamtaka baba na mama wamtunze mtoto sawasawa wawe wameoana au hawajaoana. Lakini awe anajua.

(Kuna atakayeuliza kuhusu kukodi tumbo kama matajiri wa Ulaya. Mimi nina wasiwasi nalo. Nimekulia mahali ambapo wageni wenye pesa wamenunua kila kitu, ufuo, shamba, na miili yetu. Sitaki kuwa wa kwanza kumwambia dada wa Kilifi kwamba na kizazi chake sasa kina bei. Wenye fikra tofauti tutabishana siku nyingine.)

Turudi kwa nyie walinzi wa watoto. "Mtoto akilelewa na shoga ataharibika." Sawa. Hebu tuhesabu, hapa hapa kwetu, nani anayewaharibu watoto.

Mwaka 2006 serikali pamoja na UNICEF walitoa ripoti kuhusu utalii wa ngono Pwani, wakakadiria wasichana kati ya 10,000 na 15,000 wamo ndani ya biashara hiyo Malindi, Kilifi, Mombasa na Diani. Wateja walikuwa wanaume wanaopenda wanawake, wazungu na wetu sisi pia. Sikuona maandamano. Mwaka 2018 Kilifi ikatajwa nchi nzima kwa wanafunzi kupata mimba. Kila mtu alizungumzia wasichana, tabia zao, disko matanga, simu. Baba za watoto hao wako wapi? Wengine mnawajua, mnawaazima jembe. Halafu Shakahola. Zaidi ya miili 400 imefukuliwa msituni, na mwaka 2024 mhubiri na wenzake wakafikishwa mahakama ya Malindi kwa mashtaka ya mauaji ya watoto 191. Kesi wataamua mahakimu, mimi simhukumu mtu. Lakini watoto wale walifika msituni wameshikwa mkono na wazazi wao. Baba na mama, wa jinsia mbili, wengi wa ndoa kamili na Biblia mkononi.

Sisemi wenye ndoa ni wabaya. Babangu na mamangu wamenilea vizuri. Ninachosema ni kwamba hiyo jinsia mbili mnayoitegemea haijawahi kuwa bima ya mtoto. Bima ya mtoto ni mtu anayeamka usiku akikohoa.

Na waliochunguza wamechunguza. Mwaka 2014 Susan Golombok na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cambridge walichapisha utafiti wa familia za Uingereza zilizoasili watoto, za wanaume wawili, za wanawake wawili, na za mume na mke. Watoto waliolelewa na wanaume wawili hawakuwa nyuma ya wenzao, na kwa utundu ule wa kupigana na kuvunja sheria walionekana kuwa na nafuu kuliko wa mume na mke. Uingereza si Kilifi, najua, kuna fedha na kuna sheria inayowalinda. Ndiyo hoja yangu. Mtoto anayechekwa shuleni kwa sababu ya babake, tatizo ni anayecheka. Hamuwezi kumtupia mtoto mawe halafu mseme, mwaona, analia, baba huyu hafai.

"Si Uafrika." Hili nalijibu haraka manake limenichosha. Mwaka 2011 Mahakama Kuu hapo Mombasa iliamua kesi ya urithi ya familia ya Kinandi ambapo mwanamke alikuwa amemwoa mwanamke, kwa mila, ili apate watoto wa kumrithi. Mahakama ikaitambua ndoa ile. Wakamba wanayo mila hiyo, Wakisii wanayo. Haikuwa ndoa ya mapenzi, sitaki mtu aniambie nimepotosha. Lakini mwaona wazee walifanya nini? Walipokosa mtoto waliikunja familia mpaka ikamtosha. Waafrika hao hao. Mtoto alikuwa muhimu kuliko umbo la nyumba. Nyie mmegeuza, umbo la nyumba limekuwa muhimu kuliko mtoto, kisha mwaniambia mimi ndiye nimeacha mila.

Mwaka 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ilisema hata watu kama sisi tuna haki ya kusajili chama. Kusajili chama tu, karatasi na muhuri. Mombasa watu wakaandamana, na bungeni ukaja muswada wa Kaluma wa Ulinzi wa Familia, kutuongezea adhabu. Familia ya nani inalindwa? Mimi nina familia. Ina mama mwenye presha, dada Saudia, na mvulana mmoja anayeogopa mbwa. Serikali haijanisaidia hata daftari.

Kuna filamu ya Kenya, I Am Samuel, ilipigwa marufuku mwaka 2021. Inamhusu kijana wa magharibi mwa Kenya, babake ni mhubiri wa kijijini asiyeelewa kwa nini mwanawe haoi. Waliopiga marufuku waliona hatari. Mimi naona mzee na mwanawe, kila mmoja anamtaka mwenzake na hajui amwanzie wapi. Mambo hayo yako nyumba ngapi Kilifi? Na hatuwezi hata kuyaangalia kwenye skrini pamoja na baba zetu, tukapata pa kuanzia.

Neno lenyewe "shoga", mamangu humwita nalo jirani yake wa miaka mingi. "Shoga yangu, nipe chumvi." Namsikia kila asubuhi dirishani.

Siombi gwaride, wala siombi mje harusini. Ninaomba sheria imwangalie mwombaji mmoja mmoja, kama ana nyumba, kama ana subira, kama mtoto anampenda, na isimfute kwa neno moja. Ninaomba mvulana wetu akiniita jina lolote getini nisigeuze shingo. Na ninaomba mwache kuwaambia vijana "oa tu".

Komenti ziko wazi. Matusi nitafuta, hoja nitajibu, hata kali. Lakini wewe unayekuja kuniandikia kwamba suluhisho ni kuoa, kabla hujatuma, ongeza na jina la binti yako au la dadako, unayemtoa wewe mwenyewe. Nitasubiri.